Viwango Gani? Niliyoyaona Kwenye Mitambo ya Kisumu na Nakuru

Mkataba ulikuwa mnene, na kuhusu viwango vya uhandisi ulikuwa na sentensi moja tu: kazi yote itafanywa kwa kufuata viwango vya kimataifa vinavyokubalika. Mwenye kiwanda aliipenda sentensi hiyo. Mkandarasi aliipenda zaidi, kwa sababu haikumfunga popote.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye ukanda wa miwa, mashariki mwa Kisumu: mtambo mpya wa kutengeneza spiriti kutokana na molasi, ukiwekwa ubavuni mwa kiwanda cha zamani cha sukari. Boila ilitoka India ikiwa na karatasi za kanuni za boila za huko. Pampu zilitoka Ulaya. Valvu na vipande vya matangi vilitoka Uchina. Vyote vilikuja kuungana na mabomba ya zamani yaliyofungwa kwa vipimo vya Kiingereza, inchi kwa inchi. Kila muuzaji alikuwa amefuata viwango vya kimataifa, na hakuna hata mmoja aliyedanganya. Hapo ndipo taabu ilipoanzia.

Mambo yalituharibikia kwanza kwenye flanji, ile sahani ya chuma yenye matundu ya bolti iliyo mwishoni mwa bomba au valvu. Fundi mkuu wa mabomba alikuwa mtu aliyekulia kwenye karakana za viwanda vya sukari, tukimwita Mzee tu. Aliweka valvu ya inchi sita kwenye mdomo wa pampu, akapitisha bolti nane, akakaza, ikakaa vizuri. Akahamia kwenye ya inchi nne. Bolti ya kwanza ikapita. Ya upande wa pili ikagoma. Akachukua tepu, akapima kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu linalolielekea, akapima tena upande wa pampu, kisha akaketi juu ya ubao wa jukwaa.

"Injinia, hizi si ndugu," akasema. "Zile kubwa zimefanana sura tu."

Ndivyo ilivyokuwa. Valvu ilikuwa imetengenezwa kwa kiwango cha Kimarekani cha ASME B16.5, daraja la presha la Class 150, na pampu kwa kiwango cha Ulaya cha EN 1092, daraja la PN16. Kwa ukubwa wa inchi sita, duara la bolti (linalopita katikati ya matundu) la Kimarekani ni milimita 241.3 na la Ulaya ni 240. Zote zina matundu nane ya milimita 22, kwa hiyo bolti hupita na mtu akadhani ni kitu kimoja. Kwa inchi nne, la Kimarekani ni 190.5 na la Ulaya ni 180, na hapo hakuna nyundo itakayosaidia. Flanji za kiwanda cha zamani nazo zilikuwa za BS 10, kiwango cha Waingereza ambacho toleo lake la mwisho ni la 1962. Daraja lake la Table E, kwa inchi nne, lina duara la inchi saba, yaani milimita 177.8. Ukiiweka karibu na PN16 tofauti ni milimita mbili na kidogo, na fundi yeyote wa huku atakuambia dawa yake: moto wa gesi, panua tundu kidogo, kaza, endelea na maisha.

Kibaya cha dawa hiyo ni kwamba inafanya kazi. Haivuji siku ya majaribio. Lakini BS 10 ilipanga Table D kwa presha ya psi 100 (pauni kwa inchi mraba) na Table E kwa psi 200, na kwa ukubwa huo wa inchi nne Table D ina bolti nne tu huku Table E ikiwa na nane, na upana wake ni ule ule. Fundi aliyezoea kupanua matundu atafika siku moja kwenye laini ya Table D na kuifunga kwenye mfumo wa presha ambayo haikuumbiwa. Nayo Class 150 inawachanganya wengi, maana wanadhani ni psi 150. Flanji ya chuma cha kawaida ya daraja hilo hubeba bar 19.6 ikiwa baridi, bar 13.8 ikifika nyuzi 200, na bar 10.2 kwenye nyuzi 300. Uwezo wake ni jedwali zima, na jedwali hilo liko ndani ya kiwango chenyewe. Aliyesoma maandishi ya ubavuni mwa valvu peke yake hajalisoma.

Tulichofanya hakikuwa na ufundi mkubwa. Tuliamua kila bomba jipya liwe la ASME, na kila mahali jipya linapokutana na la zamani tuliweka kipande cha mpito: flanji ya Table E upande mmoja, ya Class 150 upande wa pili, kikiwa na namba yake kwenye mchoro na kwenye orodha ya stoo. Mzee alipoonyeshwa mchoro alisema, "Sasa hapo nimekuelewa. Bila karatasi mimi nafuata macho."

Tangu wakati huo watu hunijia na swali lile lile, hasa vijana waliotoka chuo: nipate wapi viwango vizuri vya mradi wa mtambo? Wanadhani shida ni kupata. Viwango viko tele, vimejaa hadi vinatuzika. Kazi ngumu ni kujua kipi kinatawala wapi, kiliandikwa kwa ajili ya nani, na kimenyamazia nini kuhusu mahali unapojenga.

Mimi huanza na sheria, kwa sababu haina mjadala. Hapa Kenya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka boila na vyombo vya presha vikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa, na karatasi za ukaguzi zitunzwe. KEBS, shirika la viwango la Kenya lililoanzishwa 1974 chini ya Sheria ya Viwango, ndiyo mwanachama wa ISO, shirika la viwango la kimataifa la Geneva, kwa niaba yetu, na viwango vingi vya ISO na vya IEC, mwenzake wa umeme, vimepokewa vikawa KS, yaani viwango vya Kenya. Kabla hujanunua kitu Geneva, uliza kwanza ofisi ya KEBS ya Kisumu kama kimeshapokewa. Lakini sheria haikuambii bomba liwe na unene gani. Inakuambia nani atakuuliza.

Baada ya sheria inakuja familia ya viwango. Hapo mimi nina msimamo na huwa sibembelezi: chagua familia moja kwa kila mfumo, usichanganye. Mabomba na vyombo vya presha naviweka kwa ASME. Sisemi Wamarekani ni hodari kuliko Wajerumani. Sababu yangu ni kwamba bomba linaloshuka Mombasa likafika Kisumu mara nyingi ni la Schedule, ule mtindo wa Kimarekani wa kupanga unene wa ukuta, na welda wanaokuja na vyeti huwa wamepimwa kwa ASME Section IX, sehemu inayohusu uchomeleaji. Umeme naupeleka IEC, kwa kuwa mfumo wetu wa volti na hezi 50 umejengwa humo. Mwingine Eldoret anaweza kuwa na sababu za kuchagua EN kwa kila kitu, na akawa sawa kabisa. Asichoweza ni kula huku na huku. ASME B31.3 inataka bomba la mtambo lipimwe kwa maji kwa mara moja na nusu ya presha ya usanifu. EN 13480, kanuni ya Ulaya ya mabomba, inaanzia 1.43. Kila kanuni imepanga unene, ukaguzi wa mishono na kipimo cha maji kama kifurushi kimoja: ikilegeza hapa, imekaza pale. Mkandarasi mjanja huchukua unene kutoka kitabu chenye unene mdogo, ukaguzi kutoka kitabu chenye picha chache za eksirei, na kipimo kutoka kitabu chenye presha ndogo. Ukimuuliza, kila jambo lina kiwango chake cha kimataifa.

Kuhusu pesa tuseme wazi, maana ndiyo inayowafanya watu waibe. Kitabu kimoja cha ASME ni mamia ya dola, na mradi wa kawaida unataka vingi. Kwa hiyo vijana wanatumiana faili kwenye WhatsApp. Nimewahi kuletewa hesabu za chombo cha presha zilizofanywa kutoka faili ya namna hiyo. Toleo lilikuwa la miaka ya nyuma, na kurasa za jedwali la nguvu za vyuma hazikuwamo, kwa hiyo kijana alichukua namba kutoka tovuti ya muuzaji wa mabati. Hesabu zilikuwa safi, zimepangwa vizuri, na hazikuwa na msingi.

Njia niliyoipenda zaidi nilijifunza kwa afisa ununuzi mmoja, mama ambaye hakuwa mhandisi. Aliuliza: kwa nini tunahangaika kununua vitabu wakati mkandarasi ndiye anayesema atavifuata? Tukaandika kwenye zabuni kwamba mshindi ataleta nakala halali ya kila kiwango alichokitaja, toleo alilolitaja, na nakala hizo zitakuwa mali ya kiwanda. Orodha za viwango kwenye zabuni zilizofuata zilipungua ghafla. Mtu aliyekuwa anataja ukurasa mzima wa API, DIN, BS na JIS alijikuta anataja vile anavyovitumia kweli.

Vya bure pia vipo, halali kabisa. Viwango vya NFPA vya moto na milipuko husomwa mtandaoni bila malipo ukijiandikisha. HSE, mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza, hutoa vitabu vyake vya mwongozo bure, kikiwamo HSG253 kuhusu namna ya kutenga mtambo kabla ya kuufungua, ambacho ningekuwa na uwezo ningekibandika kwenye kila karakana kuanzia Muhoroni hadi Bungoma. NORSOK, viwango vya mafuta na gesi vya Norwe, kwa miaka mingi vilipatikana bila kulipa, na vimeandikwa kwa lugha ambayo mtu wa mtambo anaielewa.

Ila katalogi yangu kubwa ya viwango ni ripoti za ajali. Ripoti nzuri ya uchunguzi hutaja kiwango kilichokuwapo siku ile, ibara ambayo haikufuatwa, na kwa nini haikufuatwa. Ukizisoma kwa ajili ya mtambo wako unaona haraka karatasi ipi ina uzito.

Chukua molasi. Tarehe 15 Januari 1919, Boston, tangi la molasi lenye urefu wa futi 50 hivi lilipasuka, likamwaga zaidi ya galoni milioni mbili mitaani na kuua watu 21. Kuta zake zilikuwa nyembamba kuliko mzigo ulivyotaka, na kabla ya kutumika lilikuwa limejaribiwa kwa maji ya inchi sita tu. Nilipokuwa nikizungumza na mkandarasi wa matangi yetu, habari hiyo ilinisaidia kuliko ibara yoyote. Aliniambia tangi litajazwa maji hadi juu, saa 24, na likisimama basi limefaulu. Nikamuuliza molasi ina uzito gani ukilinganisha na maji. Ni kama mara 1.4. Tangi lililojaa maji hadi ukingoni limebeba kama asilimia 71 tu ya mzigo litakaoubeba siku ya kazi, na ardhi iliyo chini yake vile vile.

API 650, kiwango cha Kimarekani cha matangi ya chuma, inalijua jambo hilo. Inakutaka ukokotoe unene mara mbili, mara moja kwa kioevu chako na mara moja kwa maji ya majaribio, halafu uchukue ulio mkubwa. Kwa tangi la kipenyo cha mita 14 na kimo cha mita 12, kwa bati la A36 ambalo kanuni inaliruhusu mkazo wa megapaskali 160, pete ya chini ya ukuta inatoka milimita 5 ukiweka maji na milimita 7 ukiweka molasi. Hapo hujaongeza chochote cha kutu. Mkandarasi alikuwa amenakili karatasi ya tangi la maji ya mradi mwingine, na kisanduku cha uzito wa kioevu kilikuwa kimeandikwa 1.0. Kiwango alichokitaja kilikuwa sahihi, toleo sahihi, na tangi lilikuwa si sahihi. Kisanduku kimoja.

Ripoti ya pili ni ya kiwanda cha kemikali cha Flixborough, Uingereza, tarehe 1 Juni 1974, watu 28 walipokufa. Rekta moja, yaani chombo ambamo kemikali hubadilishwa, ilitolewa kwa sababu ya ufa, na nafasi yake ikazibwa kwa bomba la muda la inchi 20 lililounganishwa na midomo ya inchi 28 kwa viungo vya mikunjo. Mchoro pekee wa bomba hilo ulichorwa kwa chaki kwenye sakafu ya karakana. Uchunguzi ulisema wazi kwamba Kiwango cha Uingereza cha mabomba, BS 3351, kilikuwapo, na mwongozo wa mtengenezaji wa viungo vile ulikuwapo, na hakuna kimojawapo kilichofunguliwa. Huwa nawaeleza mafundi wetu habari hii bila kuipamba. Kila mmoja amewahi kuchora kwa chaki sakafuni. Hata mimi chaki siikatazi; ni nzuri kwa kukata bati. Nataka tu bomba la muda lipewe namba na mtu wa kulihesabia kama la kudumu.

Ya tatu ni ya Port Wentworth, Georgia, 7 Februari 2008, vumbi la sukari lilipolipuka kwenye kiwanda na kuua watu 14. Nimeingia kwenye vyumba vya kufungasha sukari huku kwetu nikaandika jina langu kwa kidole juu ya kabati la umeme. Msomaji aliye kwenye tasnia hii asome ripoti ya CSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali, kuhusu ajali hiyo kabla hajasoma NFPA, maana ndipo atajua anatafuta nini humo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, linatuumiza sisi wa Bonde la Ufa na Magharibi kuliko yote: viwango vingi viliandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Ziwa Victoria, hapo Dunga unapokula samaki, liko mita 1,134 hivi juu ya bahari. Kisumu tunaiona ya chini kwa sababu ya joto, lakini hakuna mtambo wowote kandokando ya ziwa ulio chini ya mita 1,000. IEC 60034-1, kiwango cha mota za umeme, kinakadiria mota kwa mahali pasipozidi mita 1,000 na hewa isiyozidi nyuzi 40. Kuanzia hapo hewa ni nyepesi, mota inapoa kwa shida, na nguvu yake lazima ipunguzwe au mtengenezaji aambiwe mapema. Kisumu punguzo ni dogo. Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, si dogo.

Nakuru ndiko nilikoiona kwa pampu. Kiwanda kimoja cha maziwa kilikuwa na pampu ya maji moto ya kuoshea mitambo, ikivuta kutoka tangi la wazi lenye maji ya nyuzi 80. Ilikuwa ikinguruma kama inayosaga kokoto, na gurudumu lake lilikuwa limetobolewatobolewa kingoni. Ilikuwa imebadilishwa, ikabadilishwa tena, na muuzaji akilaumiwa kwa kuuza pampu mbovu. Muuzaji alileta karatasi zake, na karatasi zilikuwa sawa, kwa mji wa pwani. Usawa wa bahari, maji ya nyuzi 80 kwenye tangi la wazi yanakuachia mita 5.6 hivi (presha ikipimwa kwa kimo cha maji) za kuchezea upande wa kuvuta kabla maji hayajaanza kuchemka ndani ya pampu. Nakuru hewa inasukuma kwa kilopaskali 81 tu badala ya 101, na zile mita 5.6 zinabaki 3.5. Toa hasara za bomba la kuvuta na chujio lake, umebaki na karibu sifuri. Maji yalikuwa yakichemka ndani ya pampu na mapovu yakipasukia kwenye chuma. Hakuna kiwango kilichovunjwa. Karatasi ya data ilikuwa na mstari wa mwinuko wa mahali, na mstari huo ulikuwa mtupu. Tangi liliinuliwa juu ya jukwaa na chujio likabadilishwa, pampu ile ile ikanyamaza.

Tetemeko pia. Wageni wengi huja na karatasi zilizoandikwa kwamba Kenya haina haja ya hesabu za tetemeko. Tarehe 6 Januari 1928 Subukia ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 6.9, na Subukia iko Kaunti ya Nakuru. Serikali yetu ilikuwa na kanuni za ujenzi kuhusu matetemeko tangu 1973, na API 650 ina kiambatisho E chenye njia ya kushughulikia mahali ambapo ramani za Marekani hazifiki. Mwambie mchoraji aionyeshe hesabu hiyo, hata kama mwishowe haibadilishi kitu. Halafu kuna radi. Aliyelala Kisii au Kakamega msimu wa mvua hahitaji kushawishiwa kwamba matangi ya spiriti yanataka IEC 62305, kiwango cha kinga ya radi, isomwe mwanzoni, kabla ya msingi kumwagwa, kwa kuwa nyaya za ardhini zilizosahauliwa huwekwa baadaye kwa gharama ya kuvunja zege.

Kwa hiyo karatasi muhimu kuliko zote kwenye mradi ni ile isiyouzwa popote: masharti ya kiufundi ya mradi wenyewe, yanayoandikwa na watu wa kiwanda. Kurasa chache. Mwinuko, joto la juu na la chini, mvua, tetemeko, radi, maji ya mto yakoje wakati wa mafuriko, volti halisi inayofika getini. Kisha kila mfumo na kanuni yake. Kisha daraja za mabomba: kwa kila daraja, bomba gani, flanji gani, gaskiti gani, bolti gani, valvu gani, na mwisho wa presha na joto.

Hizo daraja za mabomba ndizo zinazookoa pesa. Nenda duka lolote la vifaa Kondele au Nakuru mjini uombe bomba la inchi nne, utaulizwa kama unataka class B. Ni bomba zuri la maji, la ule mtindo wa BS 1387, na ukuta wake ni milimita 4.5. Bomba la inchi nne la Schedule 40 lina ukuta wa milimita 6.02. Kwa nje yote ni milimita 114.3, na yakishapakwa rangi hakuna jicho litakaloyatofautisha. Pasipokuwa na karatasi ya daraja, kipande cha class B kitaingia kwenye laini ya mvuke Jumamosi jioni stoo ikiwa imefungwa. Daraja zikiwapo, msimamizi wa zamu anaweka kipimo cha ukuta mwishoni mwa bomba na mazungumzo yanaisha.

Kipimo peke yake hakitoshi kwa bomba la mvuke. Tulidai cheti cha kiwandani cha aina ya 3.1 kwa EN 10204, yaani cheti kinachoonyesha matokeo ya chuma kile kile unachonunua, pamoja na namba ya mkupuo wake. Shehena moja ililetwa na cheti chenye muhuri mzuri wa rangi mbili. Karani wa stoo, binti mdogo aliyekuwa kazini kwa muda, alilala kifudifudi juu ya rundo la mabomba akiwa na tochi ya simu, akafuta vumbi kwa leso, akasoma namba zilizochapwa. Hakuna hata bomba moja lililokuwa na namba iliyokuwa kwenye cheti. Dereva alisema hayo ni mambo ya ofisini. Lori likarudi na mzigo wake.

Nitaje na upande wa pili, maana kuna wanaozama kwenye viwango hadi mradi unakufa. Mshauri mmoja kutoka nje alituletea masharti yaliyotoka kwa kampuni kubwa ya mafuta. Jina lilikuwa limefutwa lakini mambo ya bahari kuu yalibaki humo. Valvu za laini ya molasi zilikuwa zimeandikiwa zitimize NACE MR0175, kiwango cha vyuma vinavyokutana na hidrojeni salfaidi kwenye visima vya mafuta na gesi. Molasi haina habari na visima vya mafuta. Bei ya valvu ilikuwa imepanda kwa ajili ya sharti ambalo hakuna mtu mezani aliyejua limetoka wapi. Wanorwe wenyewe walianzisha NORSOK miaka ya 1990 kwa sababu kila kampuni ya mafuta ilikuwa na masharti yake na gharama zilikuwa zikipanda bure. Kama matajiri wa mafuta walichoka, kiwanda cha miwa kinang'ang'ania nini? Sharti ambalo huwezi kutaja hatari linaloizuia, lifute, au umuulize aliyeliandika.

Na toleo. Viwango hubadilika, na mkandarasi hupenda toleo linalompunguzia kazi. Kipimo cha maji cha vyombo vya presha kwa ASME Section VIII, Division 1, kilikuwa mara 1.5 hadi mwaka 1999 kilipoteremshwa kuwa 1.3, kwa hiyo "kwa mujibu wa ASME" bila mwaka ni jibu lenye namba mbili. Siku hizi mikataba ninayoipitia ina jedwali: kiwango, mwaka, kinatawala mfumo gani, na nani ana nakala. Matoleo yanafungwa tarehe ya kutia sahihi. Likitoka jipya katikati ya kazi, anayelitaka anaandika barua, anaeleza linabadilisha nini, na pande zote mbili zinakubali au zinakataa kwa maandishi. Pale panapogongana, sheria ya nchi inatangulia, kisha masharti ya mradi, kisha kanuni, kisha karatasi ya muuzaji. Jedwali hilo linabandikwa ukutani kwenye kontena la mkandarasi, ndani ya karatasi ya nailoni kwa sababu ya mvua, na nakala nyingine anapewa fundi mkuu wa mabomba aitie kwenye faili yake ya pale karakana.